Mafuta ya Toroli na Vitumbua vya Nyapara Kondo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa mkono uliozoea gogo la breki kuliko kalamu, miye Shomari wa Umwe naandika haya kwa ajili yenu vijana mliobaki kwenye reli. Chuo nilisoma mpaka juzuu amma, nikaachia hapo, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa na fimbo ndefu na miye nilikuwa na mbio. Mkikuta herufi imelala, isimamisheni wenyewe, msiniite.

Nimeacha kazi kwa ajili ya goti. Siku ya kuniaga mlipika pilau, mkaniuliza mambo ya zamani, nami sikujibu kitu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa nyama. Sasa mdomo mtupu. Sitaeleza nani alipanda cheo wala nani alipata nini. Hayo hayakunifika, na yaliyonifika yananitosha.

Reli ilipowekwa, Mdachi ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Ilianza kwenye shamba la pamba juu ya Mchukwi, ikapita makondeni, ikashuka ule mteremko mkubwa mnaoujua mpaka bondeni, halafu ikanyooka kwenda gatini kwenye mikoko, ambako mashua zilichukua marobota kuyapeleka Salale. Nilipoandikwa kazi nilimwambia mama mkwe wangu kwamba sasa mkwewe ni mtu wa gari la moshi. Mama mkwe akatangaza Umwe nzima. Nilipofika nikakuta ubao juu ya magurudumu manne, na watu wawili wanausukuma huku wanaguna kama wanaojifungua. Moshi ulikuwapo, sikatai, lakini ulikuwa wa namna nyingine, na nitausema mahali pake.

Siku ya kwanza nilipangwa toroli moja na Mzee Mbonde wa Mchukwi, mtu mfupi, mikono mirefu, anayetafuna karafuu kutwa. Yeye alishika breki. Breki yenyewe ilikuwa mti wa mkoko uliofungwa chini ya ubao; ukiukandamiza kwa uzito wako wote, gogo linabana gurudumu. Miye nikaambiwa kazi yangu ni kusukuma kwenye mpando, na kwenye mteremko niruke nikae nyuma. Nikaona huo uvivu. Tulipofika ukingoni mwa mteremko nikaenda mbele ya toroli, nikatanua mikono, nilizuie kifua kwa kifua.

"We bwana harusi!" akapiga kelele Mzee Mbonde. "Toka hapo! Hilo si shemeji yako, halina haya!"

Nilitoka, lakini si kwa hiari. Toroli lilinitupa kwenye jaruba la mpunga la mwenyewe, na mwenyewe alikuwapo na jembe. Tangu siku hiyo mpaka mwisho Mzee Mbonde aliniita Bwana Harusi, na kila aliyeuliza alielezwa upya.

Kazi alinifundisha yeye. Alinifundisha kusikiliza chini kabla ya kuangalia mbele. Ule mtaimbo unaoshika magurudumu mawili, ukiwa na mafuta huimba kwa sauti nyembamba, ukikauka, hukoroma. Ukikoroma sana hutoa harufu kama nywele zinazoungua, kisha moshi, na nyuma ya moshi kuna marobota ya pamba, na pamba haisubiri kuombwa mara mbili. Ndiyo maana pale bondeni, mteremko unapokwisha, palikuwa na kibanda cha Bi Zena, mjane, dada yake Mzee Mbonde wa tumbo moja. Kazi yake ilikuwa mitungi, ndoo na kata. Mtaimbo ukianza kutoa moshi tungali huko juu kwenye kona, mtu wa nyuma alikuwa akiita kwa nguvu zake zote: "Maji! Maji!" Bi Zena akisikia, toroli likifika bondeni yeye tayari yuko kando ya reli na ndoo kiunoni. Anamwagia, chuma kinalia *chwaa*, tunaendelea. Ndilo neno letu la kazi. Tulikuwa na "kaza" na "legeza" kwa ajili ya breki, na "maji" kwa ajili ya Bi Zena.

"Mnaniita kama mnaoita mbuzi," alikuwa akisema. "Salamu hamna?"

"Dada, salamu itakuja pamba ikishaungua?" Mzee Mbonde akijibu.

Maisha ya reli yalikuwa na raha zake. Wanawake walianika mpunga kwenye majamvi katikati ya vyuma, na walikuwa wakitulaani sisi tukipita, kana kwamba reli ilikuta mpunga. Viboko wa mtoni walipenda kulala juu ya tuta, na ukikuta kiboko amelala kwenye reli, yeye ndiye nyapara mkuu, unangoja. Nilipooa mara ya pili, bibi harusi aliletwa kwa toroli, amefunikwa kanga, ngoma mbele, Mzee Mbonde kwenye breki. Miye nilikaa nyuma na kofia mpya. Kwenye kona mtaimbo ukatoa moshi, nami bwana harusi wa kweli sasa ikanibidi nipige ukelele wa maji mbele ya wakwe. Bi Zena akamwaga ndoo nzima, nusu kwenye chuma, nusu kwenye kofia. Mke wangu anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na mtu gani.

Sasa ngoja niseme kwa nini mitaimbo ilikuwa inakauka. Bwana mwenye shamba, yule Mdachi tuliyemwita Bwana Saa kwa sababu alitoa saa mfukoni hata akiulizwa hali, alikuwa akitoa mafuta ya nazi ya kupaka toroli. Akimkabidhi nyapara. Nyapara wetu alikuwa Sefu Kondo, na namtaja kwa jina lake na la baba yake, kwa sababu yuko hai na ana masikio. Mafuta yaliingia nyumbani kwa Kondo. Mkewe alikuwa fundi wa vitumbua. Matoroli yakakonda kwa ukavu, vitumbua vikanona, na sisi wenyewe, wapumbavu, tulivinunua asubuhi tukavisifu. "Leo vimelowa mafuta hasa," miye nikisema, huku nalamba kidole. Nililamba mafuta ya toroli langu mwenyewe nikaomba na kingine.

Mzee Mbonde alijua. Alimwambia Kondo mbele yetu: "Sefu, mke wako na mtaimbo wangu wanakula chungu kimoja. Mmoja atakufa njaa."

"Mzee, shika breki yako," akasema Kondo.

"Nimeshika. Weye shika mkeo."

Tulicheka. Kondo hakucheka.

Mwaka ule ikaja habari kwamba ng'ambo ya mto, Umatumbi, watu wameng'oa pamba. Hawakuwa wendawazimu. Walichoka kulimishwa pamba ya watu huku mpunga wao unaliwa na ngedere. Ikasemwa kuna mtu mwenye dawa ya maji. Ukiipata, risasi ya Mdachi inageuka matone. Wengi walivuka. Watu huniuliza kama nami nilikunywa. Sikunywa, lakini msinihesabie akili: kulikuwa mbali, na miye kutembea bila kulipwa sijawahi kukupenda. Kama ile dawa ingepita na toroli, pengine leo mngekuwa mnanisomea khitma.

Bwana Saa akapanda mashua akakimbia, halafu akarudi na askari. Tangu hapo kukawa na askari shambani, na vijiji viwili vya jirani vikachomwa, ghala na mpunga ndani. Watu wakaanza kusema kwa kunong'ona. Neno maji likawa neno la vita. Wapiganaji walilipiga ukelele wakija. Sisi wa reli tulisikia hayo yote, tukatikisa vichwa, tukaenda kazini. Wallahi hata mmoja wetu hakukumbuka kwamba na sisi tuna neno hilohilo. Kwetu maji yalikuwa yale ya mitungi ya Bi Zena. Mtu hashangai jina la mkewe kwa kuwa liko kwa mke wa mwingine.

Siku moja, jua la adhuhuri, tukaambiwa tushushe askari mpaka gatini. Wakapanda juu ya marobota na bunduki mapajani, na shaushi, mkubwa wao, mtu mzima mwenye makovu ya shavuni, akakaa mbele kabisa kama imamu. Mzee Mbonde akainama, akagusa mtaimbo, akamtazama Kondo.

"Huu haujaonja mafuta mwezi huu, Sefu. Na leo umebeba watu."

"Nenda. Bwana anaangalia saa."

Tukaenda. Tulipofika kwenye kona nikasikia koromo, nikanusa nywele zinazoungua, nikainamia chini nikaona moshi mzito ambao haujapata kutokea. Juu ya moshi robota, juu ya robota askari, na kiunoni mwa askari mikoba ya risasi. Nikafanya nilichofundishwa. Nikajaza kifua, nikapiga ukelele uliosikika mpaka Mchukwi:

"Maji! Maji! Maji!"

Enyi watu. Nimeona kuku wakirukiwa na mwewe, lakini sijaona kitu kama kile. Askari mmoja aliruka kushoto akaangukia jaruba. Nadhani ni lilelile langu. Wawili walilala kifudifudi juu ya marobota wakapiga risasi kwenye vichaka, na vichaka havikuwa na kosa. Shaushi aligeuka, akanielekezea mtutu, nami kwa upumbavu wangu nikadhani hakusikia vizuri. Nikarudia.

Na chini kule bondeni Bi Zena akatoka mbio na ndoo, kama siku zote. Risasi ikapiga ndoo, ikatoboka. Akakaa chini palepale, maji yanamvujia miguuni, anasema, "Jamani, nimechelewa nini leo?"

Mzee Mbonde hakuachia breki. Angeachia, tungevunjika sote. Alining'inia kwenye ule mti macho yamemtoka, akasimamisha toroli mbele ya dada yake, mahali pake pa kila siku. Na hilo ndilo lililotuponza. Shaushi alisema: mmoja ameita, wa pili amesimamisha gari, mwanamke ametoka kichakani. Huu mtego.

Tukafungwa kamba, miye na Mzee Mbonde, tukarudishwa juu, tukatiwa ghala la pamba. Wakati huo kwa neno hilo mtu alinyongwa bila maswali mengi. Nililia. Nasema nililia, msidhani nilikuwa simba.

"Mzee," nikamwambia, "ningeita 'moto' tungekuwa nyumbani."

"Ungeita moto, wangesema tunachoma shamba."

"Ningeita 'jamani'?"

"Bwana Harusi, weye ungeita hata 'subhanallah' ungeitisha vita. Tulia. Bwana atamuuliza nyapara, nyapara analijua neno."

Ndivyo tulivyotumaini, na tumaini halikuwa baya. Bwana Saa mwenyewe hakuwahi kupanda toroli mteremkoni, akishuka kwa punda, hivyo neno letu hakulijua. Lakini Kondo alilisikia kila siku ya Mungu. Kesho yake asubuhi tukatolewa mbele ya ghala. Bwana Saa kwenye kiti, shaushi wima, watu wa kambi wote wamekaa chini. Bwana akauliza:

"Nyapara, watu hawa husema maji kazini?"

Kondo alinitazama miye, akamtazama Mzee Mbonde. Nami nilimwona akipiga hesabu. Akikubali neno, ataulizwa: maji ya nini? Ya mtaimbo kuwaka. Kwa nini unawaka? Hauna mafuta. Mafuta yako wapi?

"Sijapata kusikia, Bwana," akasema.

Hapo akasimama Bi Zena. Hakuitwa. Alikuwa amebeba ile ndoo yenye tundu.

"Sefu Kondo, hujapata kusikia? Miye nimekaa bondeni nafanya nini miaka yote hii, namwogesha nani? Shaushi, baba, nenda kalishike toroli. Tia kidole kwenye mtaimbo. Kama kuna mafuta, nifungeni na mimi."

Shaushi alikuwa mtu mkali, lakini alikuwa na udadisi. Akaenda, akatia kidole, akakitoa kikavu na cheusi. Akakinusa. Akamwambia Bwana: "Kavu. Hili lingewaka kweli." Kisha akanitazama miye kwa muda mrefu, kuanzia miguuni, akasema, "Na huyu si mtu wa vita. Nilimwelekezea bunduki akarudia. Huyu mjinga tu."

Nikafunguliwa kamba. Wengine huokolewa na hirizi, wengine na ujasiri. Miye niliokolewa kwa hukumu ya ujinga iliyotolewa mbele ya watu, na hukumu ile sijaikatia rufaa mpaka leo.

Nilidhani yamekwisha. Bwana Saa akatoa saa, akairudisha, akauliza: "Mafuta natoa kila mwezi. Nani anayeyashika?"

Kondo hakumeza hata mate. "Mshika breki, Bwana. Nampa Mbonde."

Watu wote wa kambi walijua. Wote walikuwa wamekula vile vitumbua. Palikuwa na bunduki, palikuwa na vijiji vinavyotoka moshi ng'ambo, na kila mtu akatazama vidole vya miguu yake. Bi Zena peke yake ndiye aliyesema, "Mwongo, Sefu! Mwongo mbele ya Mungu!" Shaushi akamsukuma akaanguka. Nami nilifungua kinywa nikasema, "Bwana, mafuta tumeyala sisi kwenye vitumbua," na Bwana Saa akacheka, na askari wakacheka, kwa sababu aliyesema ni yule mjinga.

Mzee Mbonde alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, hapohapo, akatiwa mnyororoni, akaenda na askari kubeba mizigo yao kuvuka mto kwenda Umatumbi. Akipita mbele yangu alisema, "Breki usiikumbatie. Ilalie." Hayo tu. Bado ananifundisha kazi.

Bi Zena alingoja. Kila msafara uliorudi alisimama kando ya reli anahesabu sura. Vita vikaisha, njaa ikaja, ikala wengi kuliko risasi, watu wakala mizizi na ngozi. Wapagazi wachache walirudi. Mmoja alisema alimwona Mbonde huko Kibata, mwingine alisema hapana. Hakuna aliyeleta kanzu yake, hakuna aliyeonyesha kaburi. Bi Zena hakukaa matanga, alikataa. "Sijaambiwa kitu," alikuwa akisema.

Na Bwana Saa akatoa amri: kwenye reli yake asisikie mtu anasema maji. Atakayesema, hamsa ishirini. Mkicheka, chekeni, sisi tulikwenda miezi kadhaa tukiomba "kile cha mtungini", na mtu akitaka kutawadha alisema anakwenda kutafuta "cha swala". Siku moja mvua ilinyesha tukakosa namna ya kuitaja bila kuogopa.

Breki nikapewa miye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nyuma hapakuwa na mtu. Mtu wa pili niliyepewa alikuwa amekufa njaa. Siku ya kwanza peke yangu, toroli lina marobota, nikafika kwenye kona, na mtaimbo ukakoroma. Moshi ukaja. Nikalalia breki kama nilivyoambiwa. Nikajaza kifua, na neno likafika ulimini, na nikakumbuka hamsa ishirini. Ulimi haukuwa na neno jingine. Ulitoa lililokuwa chini yake:

"Mbonde! Mbonde!"

Bi Zena akatoka. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile, kanga imemvuka kichwani, ndoo inampiga magoti, akikimbia na uso wa mtu aliyejibiwa dua. Akatazama kwenye breki. Akaniona miye.

Toroli likasimama. Akainua ndoo. Akamwaga, chuma kikalia. Nikaanza kuomba radhi, nikasema Bi Zena ulimi umeteleza, sitarudia. Akafunga kanga yake, akachukua ndoo.

"Ita hivyohivyo," akasema.

Basi ndiyo hayo, vijana. Bi Zena alikufa kabla Mwingereza hajaja, na kibandani kuna watu wengine, lakini nyinyi mpaka leo mtaimbo ukiwaka mnaita "mbonde", na nimewasikia mkibishana jikoni. Mmoja anasema ni kwa sababu reli inashukia bondeni. Mwingine, yule anayejua kila kitu, anasema ni neno la Kidachi la kupoza chuma. Si bonde wala si Kidachi. Ni mtu. Alikuwa mfupi, akitafuna karafuu.

Kondo alipokuwa nyapara bado, alikwenda kumwomba Bwana Saa hilo neno nalo likatazwe. Bwana akamuuliza lina vita? Akasema halina. Basi, Bwana akasema, waache. Akalisikia kila siku mpaka akaacha kazi, akahamia gatini alikodhani patakuwa kimya. Yuko huko, mtu wa msikiti na tasbihi, anaitwa Mzee Sefu. Nyumba yake ni ya pili kutoka mwisho wa reli, yenye baraza la chokaa.

Mkipita pale, mtaimbo uwe umewaka au haujawaka, iteni.